Hivi hawa wanamuziki wa roki wanaotukanana hadharani wanamaanisha au ni kiki tu?

Mdundo_Mzito

Wakuu salaam. Kuna kitu kinanisumbua kama wiki mbili hivi, wenye uelewa na haya mambo naomba mnifungue macho.

Mimi kwenye roki nimechelewa sana, nimeingia juzi tu baada ya ile habari ya Oasis, bendi ya Uingereza, kurudiana, nikasema hebu niwasikilize hawa jamaa wanaofanya watu wazima wagombanie tiketi kiasi hiki. Nikaanza na zile albamu mbili za mwanzo, dah, nilizielewa mno, asubuhi nazisikiliza usiku nazisikiliza. Kosa langu likawa kwenda kutafuta intavyuu zao. Aisee yule Noel Gallagher, mpiga gitaa na mtunzi wao, anaongea kama mtu anayelipwa kwa kila tusi. Hakuna anayebaki salama, akiulizwa kuhusu fulani anamponda, asipoulizwa anamtafuta mwenyewe wa kumponda. Mdogo wake Liam, mwimbaji wao, ndio kabisa, huyo hata kaka yake wa tumbo moja anamwita kiazi. Na nilicheka, sitawadanganya, kuna sehemu nimecheka mpaka nikarudisha nyuma nicheke tena, ile Noel anasema mdogo wake ni kama mtu aliyeshika uma kwenye dunia ya supu, sasa hicho kitu mtu anakaa wapi anakitunga?

Halafu nikafika kwenye Blur, bendi nyingine ya Uingereza, wapinzani wao. Blur mimi sikuwa nawajua, nimewajua kwa sababu ya kupondwa kwao. Nikasema ngoja nione hao wabaya ni wabaya kiasi gani, nikajikuta nimewapenda nao. Sasa katika kusoma soma nikakuta kwamba mwaka 1995 Noel aliliambia gazeti kuwa anatamani wawili wao, Damon Albarn na Alex James, wapate ukimwi wafe. Hapo kicheko kikakata. Nilizima muziki siku mbili nzima, sio kwa kususa, nilikuwa tu sijisikii.

Kwa hiyo nauliza, hawa watu wanamaanisha au ni kiki? Kwa nini watu wa roki ndio midomo yao iko hivi? Na humu kuna mtu aliwahi kuacha kumsikiliza msanii kwa sababu ya mdomo wake? Naomba majibu ya kweli, sio mje kunicheka kwamba nimechelewa, hilo nishalijua.

Besi_Tupu

Umechelewa miaka thelathini 😂 haya endelea

MzeeWaKaseti

Mleta mada karibu, umeingia kwa mlango wa matusi lakini usijali wengi tuliingia humo humo.

Watu wanadhani Oasis na Blur walizaliwa maadui. Si kweli. Februari 1995 Blur walizoa tuzo nne kwenye Brit Awards, tuzo kubwa za muziki Uingereza, na walipoitwa kuchukua ile ya bendi bora Damon, mwimbaji wao, akasema mbele ya kadamnasi kwamba hii tuzo ilipaswa tugawane na Oasis. Hiyo ni Februari. Ilipofika Agosti hawasalimiani. Sasa hapo katikati kilichoingia ni biashara na viburi vya vijana, kila upande una singo ya kutoa, upande wa Blur wakasogeza tarehe ya Country House ili igongane na Roll With It ya Oasis, zote zikatoka siku moja, tarehe 14 Agosti 1995. Gazeti la NME likalitangaza kama pambano la ndondi la uzito wa juu ukurasa wa mbele, halafu BBC nao wakaliingiza kwenye taarifa ya habari ya jioni kabisa, yaani pale kati ya vita na bei ya mafuta anatokea mtu anasoma habari ya singo mbili. Na kila Mwingereza akaona ana timu, kaskazini na kusini, watoto wa kota za Manchester na vijana waliopita chuo cha sanaa London. Muziki wenyewe ulishasahaulika. Wiki ile Blur wakauza nakala kama 274,000 na Oasis 216,000. Blur wakashinda. Mimi zile nyimbo zote mbili naziweka kwenye kapu la nyimbo dhaifu za bendi zote mbili, hii ni kauli yangu na mnipige mawe.

Ile dua mbaya ya ukimwi ilikuja mwezi uliofuata, mdomoni mwa mtu aliyetoka kushindwa. Aliomba radhi baadaye. Sisemi hivyo kumsafisha, nasema ili ujue ilitoka saa ngapi.

Kichekesho ni kwamba aliyeshindwa ndiye aliyekuja kufunika. Albamu ya Oasis ikatoka Oktoba hiyo hiyo, mpaka leo imevuka nakala milioni ishirini duniani, na Agosti 1996 wakapiga uwanja wa wazi wa Knebworth, Uingereza, siku mbili mbele ya watu 250,000, walioomba tiketi walikuwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Sasa niambie yale matusi yalimsaidia nani. Magazeti ya muziki enzi zile yalikuwa yanatoka kila wiki, kila wiki yanahitaji kichwa cha habari, mwandishi anaingia na kinasa sauti akijua kabisa kwamba akiuliza kuhusu gitaa atapata nusu ukurasa, akiuliza unawaonaje Blur atapata ukurasa wa mbele. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Kwa hiyo ukisoma tusi la zamani usisome jibu tu, angalia na swali lilikuwaje, mara nyingi utakuta swali limekatwa halipo.

Lakini ukiniuliza walikuwa wanamaanisha, nitakujibu ndiyo, walimaanisha. Kiki huja juu ya kitu ambacho tayari kipo. Fanya hivi, kaa uangalie wanaopondana ni nani na nani. Ni majirani. Mtu wa roki hamtukani mwimbaji wa opera, anamtukana anayegombea naye shabiki yule yule, chati ile ile, pengine lebo ile ile. Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa anawaponda Pearl Jam kwamba wanajali kazi na umaarufu kuliko muziki, Pearl Jam ni watu wa Seattle, mtaa mmoja kimuziki. Dave Mustaine hajawahi kuwa na kinyongo na mtu kama alichokuwa nacho na Metallica, kwa sababu alikuwa mwenzao, walimfukuza Aprili 1983 New York wakampakia basi la kurudi California, ndipo akaanzisha Megadeth na hasira zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Besi_Tupu

Mzee umeua. Ila umesahau kusema Noel alimburuza mdogo wake mahakamani, ndugu wa damu!

MzeeWaKaseti

Besi umegeuza. Liam ndiye aliyemshtaki Noel, 2011. Noel alisema Oasis walifuta shoo ya Chelmsford ya 2009 kwa sababu Liam alikuwa na uchovu wa pombe za jana yake, Liam akasema nilikuwa mgonjwa wa koo na cheti ninacho. Noel akaomba radhi, kesi ikafutwa.

Besi_Tupu

Sawa mzee nimepokea. Lakini jamani mtu unamshtaki kaka yako kwa kusema ulilewa?? Liam?? Hiyo si ni sawa na samaki kushtaki kwa kuambiwa kalowa

Dada_Gitaa

Naona wanaume mmekaa mnachekelea, ngoja niweke langu.

Mimi nakubaliana na Mzee kwenye hilo la ujirani lakini naona amepita haraka pale penye uzito. Kuna kuponda kazi na kuna kumwombea mtu kifo, hivi vitu viwili tusivitie kwenye gunia moja eti "matusi ya roki". Mtu akisema albamu yako imenichosha, sawa, hiyo albamu umeitoa mwenyewe ukaiuza, nina haki ya kuisema. Lakini mwaka 1995 ukimwi haukuwa utani, hizi dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijaenea, watu walikuwa wanazikwa kila siku, Freddie Mercury alikuwa na miaka minne tu kaburini. Kumtakia mtu hivyo halafu tuseme alikuwa na hasira za chati? Mdundo hukukosea kuzima muziki. Na hukukosea kuuwasha tena pia kama umeshauwasha, maana aliomba radhi kweli na Damon mwenyewe alikuja kumsamehe, Machi 2013 walisimama pamoja Royal Albert Hall kwenye shoo ya kuchangia vijana wenye saratani wakaimba Tender, wimbo wa Blur jamani, Noel anaimba wimbo wa Blur. Na 2017 akaingia kwenye albamu ya Gorillaz, kundi la Damon huyo huyo. Kama aliyetukanwa ameshamaliza mimi ni nani niendelee.

Kinachonikera zaidi mimi ni aina nyingine ya mdomo, ile ya mtu kuponda kitu asichokijua. Hapo ndipo nadharia ya Mzee ya majirani inapasuka. 2008 tamasha la Glastonbury kule Uingereza walimweka rapa Jay-Z kuwa msanii mkuu, Noel akatoka huko akasema hip hop Glastonbury ni makosa, Glastonbury ni ya magitaa. Sasa Jay-Z ni jirani yake kwa lipi? Hawagombei chochote. Huo ulikuwa ni mlango wa kumfungia mtu. Na mwenzake alivyomjibu! Hakurudisha tusi hata moja, alipanda stejini na gitaa shingoni ambalo ni wazi hajui kulipiga, akaanza kuimba Wonderwall, wimbo wa Oasis, kwa makusudi vibaya vibaya, uwanja mzima ukaitikia kwa sauti, halafu akalitupa gitaa pembeni akaingia kwenye kazi yake. Mimi nimeangalia ile video sijui mara ngapi. Tusi lilikuwa sentensi mbili kwenye gazeti, jibu likawa uwanja mzima.

Keith Richards wa Rolling Stones naye huyo huyo, mpiga gitaa ninayemheshimu kuliko karibu wote, lakini akianza kuongea kuhusu rapu eti ni ya watu wasiosikia noti naziba masikio. Akizungumza kuhusu Beatles namsikiliza hata akiwa anawaponda, alisema ile albamu yao ya Sgt. Pepper ni mchanganyiko wa takataka, sikubaliani naye ila najua anajua anachokisema, alikuwepo, alikaa nao. Rapu hakukaa nayo.

Na swali lako la mwisho, ndiyo, kuna mmoja niliacha kumsikiliza na jina lake nalihifadhi. Sio alichosema kuhusu wasanii wenzake. Alianza kusema kuhusu watu wa kawaida, mashabiki wake mwenyewe wa aina fulani. Hapo nikaona huyu hanihitaji.

Mdundo_Mzito

Dada_Gitaa asante sana, umenisaidia kuweka maneno kwenye kitu nilichokuwa nakihisi tu. Hiyo ya Jay-Z nimeenda kuitafuta sasa hivi nimerudi nalia kwa kucheka.

Ila Mzee, kwa maelezo yako inakuwa ni wivu basi? Maana jirani unayegombea naye ukimponda ni wivu tu umevishwa nguo.

MzeeWaKaseti

Dada_Gitaa nakubali umenishika pale kwa Jay-Z, sina la kujitetea.

Mdundo, wivu upo lakini ukisema wivu tu unapunguza mambo. Kuna kitu kingine, kwamba hawa watu wanasikilizana kuliko sisi tunavyowasikiliza. Nikupe mfano ambao haupigiwi kelele. Lou Reed wa Velvet Underground na Frank Zappa. Miaka ya sitini bendi zao zote mbili zilikuwa chini ya lebo ya Verve, prodyuza mmoja Tom Wilson, Velvet Underground wanaona Zappa anapewa kipaumbele na albamu yao inacheleweshwa. Lou Reed akasema hajapata kusikia mtu asiye na kipaji kama Zappa maishani mwake. Zappa! Mtu aliyekuwa anaandika muziki kwa noti kama watunzi wa okestra. Sasa Zappa akafariki Desemba 1993, mwaka 1995 akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa roki Marekani, na aliyesimama jukwaani kumwingiza na kumsifu ni nani? Lou Reed. Kwa hiyo unaona, alikuwa anajua muda wote. Huwezi kumchukia mtu kwa kiasi kile bila kuwa umemsikiliza vizuri.

Panki_Mstaafu

Mmesahau mfalme wa hii mada. 1975 John Lydon alikuwa anatembea King's Road, London, na fulana ya bendi ya Pink Floyd aliyoiandika juu kwa mkono "NACHUKIA". Hakuwa na bendi. Hakuwa na wimbo. Alikuwa na fulana. Watu wa Malcolm McLaren, meneja wa muziki, wakamwona, wakamjaribu kwa kumsimamisha mbele ya mashine ya kupigia santuri aigize kuimba wimbo wa Alice Cooper, hapo akawa mwimbaji wa bendi ya panki ya Sex Pistols. Yaani tusi ndilo lililompa kazi.

Miaka mingi baadaye akakiri kwamba Pink Floyd alikuwa anawapenda tu, na Dark Side of the Moon anaikubali 😂😂 Na Nick Mason mpiga ngoma wa Pink Floyd 1977 akaenda kuwa prodyuza wa albamu ya The Damned ambao ni panki halisi. Mashabiki huku wanapigana mitaani kwa nini sijui.

Besi_Tupu

Fulana tu? Mimi nina fulana nane sijaitwa popote

Sauti_ya_Nyuma

Naona mnazunguka tu lakini bifu zote hizi ni watoto mbele ya ile ya John Lennon na Paul McCartney, na ile mimi huwa siicheki kabisa.

Beatles wamevunjika 1970. Paul anatoa Ram Mei 1971, ndani kuna vijembe vya chini chini kwa John na mkewe, ukiwa hujui hutasikia, ni vile vijembe ambavyo mlengwa tu ndiye anapata. John akapata. Septemba mwaka huo huo anatoa Imagine, albamu ambayo dunia nzima inaijua kwa wimbo wa amani, na ndani ya albamu hiyo hiyo kaweka How Do You Sleep?, mpasho mtupu, sio kijembe tena, anamwambia mwenzake kwamba kitu cha maana alichowahi kufanya ni Yesterday. Na aliyepiga gitaa la slaidi mle ni George Harrison. Yaani Beatles wawili wamekaa studio wanamsuta wa tatu. Haikutosha, kwenye jalada la Ram Paul amemshika kondoo dume pembe, basi John akaweka postikadi ndani ya albamu yake akiwa ameshika nguruwe masikio. Ukiitazama unacheka halafu unasikia vibaya. Hawa walianza kuandika nyimbo pamoja wakiwa vijana wadogo Liverpool, mmoja anafiwa na mama, mwingine naye amefiwa na mama, walijuana ndani nje. Ndio maana inauma, kila neno linajua pa kuchoma.

Na unajua Paul alijibu nini? Desemba mwaka huo katoa Dear Friend, wimbo wa pole pole tu wa kutaka yaishe. Wenyewe wawili walikuja kupatana kiasi, wakawa wanatembeleana na kupigiana simu. Lakini ilipofika Desemba 1980 John akapigwa risasi, na Paul ikabidi yaliyobaki ayaandike peke yake, 1982 katoa Here Today, anaongea na mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo Mdundo ukiuliza wanamaanisha au hawamaanishi, mimi naona hata wenyewe wakati wanasema hawajui. John alikuja kusema baadaye kwamba ule wimbo alitumia hasira zake kwa Paul ili apate wimbo tu, kwamba sio kwamba alikuwa anaishi na chuki ile kila siku. Inawezekana. Lakini Paul aliusikia kama sisi tunavyousikia.

Dada_Gitaa

Sauti_ya_Nyuma umenimaliza. Dear Friend naenda kuisikiliza leo leo.

Kelele_Halali

Mada nzito sasa ngoja nipunguze.

MTV 1992, Septemba, tuzo za video. Axl Rose wa Guns N' Roses ana hasira na Nirvana kwa sababu walikataa kwenda nao ziara, yeye na Metallica walikuwa wanazunguka pamoja mwaka huo, Kurt akasema sitaki. Nyuma ya jukwaa Courtney Love, mke wa Kurt, akamwona Axl anapita akamwita kwa utani, Axl njoo uwe baba wa ubatizo wa mtoto wetu, mtoto mwenyewe ana wiki tatu. Axl akamfuata Kurt akamwambia mfunge mdomo mwanamke wako la sivyo nakushusha chini. Kurt akamgeukia mkewe kwa utulivu kabisa akamwambia, haya nyamaza wewe mwanamke. Watu wote wakavunjika mbavu, Axl akaondoka zake.

Halafu wakapanda stejini, Krist Novoselic wa Nirvana akarusha gitaa lake la besi juu kabisa, alipaswa kulidaka, likamshukia usoni, akatoka anayumba, na Dave Grohl, mpiga ngoma wao, kashika maikrofoni anasema "Hi Axl, hi Axl". Usiku huo huo, na hii ndiyo ninayoipenda, Kurt na Eddie Vedder wa Pearl Jam, wale ambao Mzee kasema Kurt alikuwa anawaponda, walicheza dansi ya pole pole wamekumbatiana chini ya jukwaa wakati Eric Clapton anapiga juu. Ugomvi kwisha.

Sasa songa mbele mpaka 2015. Grohl yuko Gothenburg, Sweden na bendi yake ya Foo Fighters, anadondoka stejini anavunjika mguu, anafungwa anarudi kumalizia shoo. Ziara iliyobaki akaifanya amekaa kwenye kiti cha enzi kikubwa kilichopambwa magitaa na mataa. Aprili 2016 Guns N' Roses wanaungana tena, Axl anavunjika mguu shoo ya kwanza kabisa 😂 Na kiti alichokalia kwenye shoo zilizofuata ni kile kile cha Grohl, aliazimwa. Jamaa wa "Hi Axl". Baadaye Axl akampa Grohl gitaa kama shukrani.

Panki_Mstaafu

Hiyo ya kiti nilikuwa siijui aisee

Besi_Tupu

Mimi swali langu, mbona siku hizi hakuna? Wasanii wa sasa wote wanapendana, kila mtu anamwita mwenzake kaka na dada, kila mtu "heshima sana kwake". Boring.

Kelele_Halali

Kwa sababu zamani ukimtukana mtu gazetini anasoma baada ya wiki, mashabiki wake wanaandika barua, barua inatoka wiki inayofuata. Sasa hivi ukiandika usiku ukiamka una mashabiki milioni mbili wa mwenzako wanakutafutia picha zako za shule. Mtu anaona bora akaushe.

MzeeWaKaseti

Kelele yuko sahihi lakini pia bendi siku hizi zinaishi kwa matamasha, jukwaa moja mnapanda kumi, huwezi kumtukana mtu mtakayekutana naye kwenye foleni ya soundcheki kesho. Elton John na Keith Richards 1997 walikuwa wanaweza kuchanana kwa raha zao, Keith kasema Elton anajua kutunga nyimbo za wanawake weupe wa nywele za dhahabu waliokufa tu, hiyo ni baada ya ule wimbo wake wa kumuaga Princess Diana, Elton kamjibu kwamba yeye ni kama nyani mwenye baridi yabisi anayejaribu kuonekana kijana stejini. Wazee matajiri wote wawili, hakuna anayemhitaji mwenzake kwa lolote. Kijana wa leo anayeanza hana hiyo jeuri.

Dada_Gitaa

Nyani mwenye baridi yabisi 😂😂😂 Hapana. Nimejaribu kubaki na msimamo wangu nimeshindwa.

Ila nataka niongeze moja ambayo naiona ndiyo ya kiungwana kuliko zote. Neil Young aliimba nyimbo mbili akiwasema watu wa kusini mwa Marekani kwa ubaguzi wao, Lynyrd Skynyrd, bendi ya kusini huko, wakaona anawapaka wote tope, 1974 wakamjibu kwa Sweet Home Alabama na jina lake wakalitaja wazi wazi. Lakini mwimbaji wao Ronnie Van Zant alikuwa shabiki wa Neil, alikuwa anavaa fulana yenye sura yake. Na Neil mwenyewe kwenye kitabu chake cha 2012 akaandika kwamba wimbo wake ule wa Alabama ulistahili kuchapwa, aliusikiliza tena akaona maneno yake yalikuwa ya kujiona. Miaka karibu arobaini imepita, huyo Ronnie alishafariki kwenye ajali ya ndege 1977, na bado mtu anasema alinipata.

Mdundo_Mzito

Wakuu sikutegemea uzi ungefika huku. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Niwape mrejesho, Oasis nimerudi kuwasikiliza, ila intavyuu nimeacha kidogo. Jana nimeangalia ile shoo yao ya kwanza ya kurudi, Cardiff, Julai 2025, wanaingia wameshikana mikono wameinyanyua juu, miaka kumi na sita tangu ile usiku wa Paris walipovunja magitaa na bendi ikafa. Bibi yangu alikuwa anapenda kusema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa wamepatana na kapu wamechukua wenyewe, kwa bei zile za tiketi sisi tuliochagua upande miaka yote hiyo, haya nyie mliochagua mimi nilikuwa sijafika, mmebaki na jembe mkononi.

Swali dogo la mwisho halafu niwaache, kati ya zile singo mbili za Agosti 1995 ipi kali?

Kelele_Halali

Roll With It. Haina mjadala.

Dada_Gitaa

Country House, na wewe Kelele nilikuwa nakuheshimu.

MzeeWaKaseti

Nilishasema zote dhaifu.

Panki_Mstaafu

Mzee wewe na masikio yako ya kaseti iliyolowa utajulia wapi

Besi_Tupu

Blur walishinda.

Kelele_Halali

Wiki moja!!